Sura ya Saba: Nimtaje Babu, au Ninyamaze?

Kila Desemba inapokaribia, na tena mfungo wa Ramadhani unapoelekea ukingoni, swali hili huulizwa kwa sura tofauti. Msichana amealikwa Krismasi kwa kina rafiki yake Rombo. Babu wa nyumba ile alifariki Agosti, na msichana alimjua vizuri, maana likizo nyingi za sekondari alikuwa akipita pale. "Nikifika nimtaje, au ninyamaze nisije nikawaharibia sikukuu?" Kijana wa Mombasa anauliza jambo lile lile kuhusu bibi wa rafiki yake na mlo wa Idi. Wengine hawaulizi. Hutafuta udhuru wasiende kabisa, wakatuma salamu za heri kwa simu, na rafiki yao akabaki anajiuliza amewakosea nini.

Jibu langu nalitoa mapema: mtaje. Mtaje kwa jina, mtaje kwa jambo moja ulilolishuhudia mwenyewe, na mwambie kwanza yule anayestahili kulisikia kwanza. Sura hii inaeleza kwa nini nasema hivyo, inafanywaje, na mipaka iko wapi, maana mipaka ipo.

## Pengo halionekani wakati wa msiba

Wiki ya msiba nyumba haiko katika hali yake. Turubai limefungwa uani, viti vya kukodi vimepangwa, kina mama wanapokezana kwenye masufuria, kamati inaandika majina ya waliotoa rambirambi, ile fedha ya pole wanayochangiwa wafiwa. Watu wanalala hadi koridoni. Hakuna aliyekaa mahali pake pa kawaida, kwa hiyo mahali pa marehemu napo hapaonekani kuwa patupu.

Kisha wageni wanaondoka, turubai linafunguliwa, arobaini inafika na kupita. Arobaini ni siku ya arobaini baada ya kifo, ambayo familia nyingi, za Kiislamu na za Kikristo, huifanyia dua au ibada. Ikishapita, majirani huona wametimiza wajibu wao.

Sikukuu ndiyo inayomrudisha kila mtu kwenye nafasi yake. Ina zamu zake, na zamu hizo hazibadiliki mwaka hadi mwaka: nani anasali kabla ya kula, nani anaamua mbuzi yupi achinjwe, nani anaonja kinywaji kwanza, nani anawaita watoto mmoja mmoja na kuwapa mkono wa Idi, yaani vile vihela vya sikukuu. Katika nyumba nyingi zamu hizo zilikuwa za babu au bibi. Sikukuu ya kwanza baada ya kifo, chakula kikiwa kimeshapakuliwa, watu hutazamana. Nani asali? Kimya hicho ni kifupi sana, kisha baba mkubwa anasimama na kusali. Lakini kila aliyekuwepo amekisikia.

Ndugu wa nyumba ile wana zamu mpya za kuzoea, na wengi wao wanaogopa kuwa wa kwanza kufungua mdomo. Kila mmoja anamlinda mwenzake. Mama ananyamaza kwa ajili ya bibi, bibi kwa ajili ya wajukuu, wajukuu kwa ajili ya mama. Mgeni hana zamu pale, na kwa sababu hiyo ni rahisi kwake kusema neno ambalo wote walikuwa wanalisubiri.

## Kwa nini tunanyamaza

Sababu ya kwanza ni hofu ya kumkumbusha mtu uchungu wake. Tunamwona rafiki anacheka na watoto, tunadhani amesahau kidogo, tunaona vibaya kumrudisha nyuma. Hajasahau. Aliyefiwa na bibi aliyemlea aliamka na bibi kichwani, akapiga pasi nguo za sikukuu na bibi kichwani. Akilia ukimtaja, machozi yalikuwapo kabla hujafika. Ulichofanya ni kumwondolea kazi ya kuyaficha.

Sababu ya pili ni kujiona si wa ukoo. "Mimi ni nani hata nimzungumzie mzee wao?" Heshima hiyo ni nzuri, na mbele tutaona mahali pake. Lakini wajukuu walimjua babu kama babu. Wewe ulimjua kama mwenye nyumba aliyekupokea bila kukudai undugu. Pengine aliongea nawe mambo ambayo kwa wajukuu zake hakuyasema, kwa sababu wao walikuwa wameyasikia mno au hawakuwahi kuuliza. Ulicho nacho wewe hawanacho wao.

Sababu ya tatu ndiyo nzito, na inahitaji sehemu yake.

## Mjukuu amepoteza mtani wake

Sababu hiyo ya tatu ni kuona kwamba kifo cha mzee si msiba mzito. "Alikuwa mzee. Ameishi, ameona wajukuu na vitukuu, tumshukuru Mungu." Maneno haya husemwa kwa nia njema, na mtoto wa marehemu mwenye miaka 60 pengine humtuliza. Mjukuu wa miaka 22 humwacha hana pa kusimama. Pole za msibani huenda kwa mjane na kwa watoto. Mjukuu hupewa kazi: akapokee wageni stendi, akachote maji, akapange viti. Hakuna anayemuuliza analalaje.

Sheria, kwa hili, ina macho kuliko sisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi likizo yenye malipo ya angalau siku nne anapofiwa, na katika orodha ya wanaohesabiwa, babu na bibi wametajwa sambamba na mzazi, mwenzi na ndugu wa tumbo moja. Waliotunga sheria ile walijua kwamba kifo cha babu si habari ya pembeni.

Kuelewa mjukuu amepoteza nini, lazima tuuangalie utani. Utani ni uhusiano unaowaruhusu watu kutupiana maneno ambayo kwa mwingine yangekuwa matusi, na wasikasirikiane. Upo kati ya makabila, kama Wachaga na Wapare. Upo pia ndani ya nyumba, kati ya babu na bibi kwa upande mmoja na wajukuu kwa upande wa pili. Baba huamuru, mama hukemea, babu hutania. Mjukuu wa kike huitwa "mke wangu", na akija na mchumba, babu humkaribisha kijana yule kwa maneno ya mume mwenza. Bibi naye humwambia mjukuu wa kiume kwamba mahari yake yeye bado haijalipwa. Chini ya mzaha ule hupita mambo makubwa: habari za ndoa, za mwili, za ukoo, za ugomvi wa zamani ambao baba hawezi kuutamka. Babu akifa, mjukuu amempoteza mtu mzima wa pekee aliyeruhusiwa kumcheka na kumchekea.

Jambo hili lina matokeo kwako wewe rafiki. Maana yake kucheka unapomtaja babu si utovu wa heshima. Katika mazishi mengi ya Tanzania watani wa kabila huja wakamwigiza marehemu alivyotembea na alivyokohoa, wakazuia njia ya makaburini hadi wapewe chochote, na wafiwa wenyewe hucheka huku wanalia. Ikiwa kaburini imeruhusiwa, mezani imeruhusiwa zaidi. Rafiki yako huenda tangu msiba hajamsikia mtu yeyote akitamka jina la utani aliloitwa na babu yake. Wewe unalijua. Litamke.

## Krismasi ya mlimani

Naichukua Krismasi ya Uchagani, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kwa kirefu kwa sababu sijui sikukuu nyingine Afrika Mashariki inayowaweka walio hai na waliotangulia karibu kiasi kile.

Kuanzia katikati ya Desemba mabasi ya kaskazini yanayotoka kituo cha Magufuli, Mbezi, Dar es Salaam, hujaa hadi nafasi hazipatikani. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi, iliyosimama kwa takriban miaka 25, ilirudi Desemba 2019, na mwezi wa kurudi kwake ulisema yenyewe inamhudumia nani. Huko juu, Rombo, Marangu, Kilema, Kibosho, Machame, nyumba zilizofungwa mwaka mzima hufunguliwa madirisha. Mifupa ya mbuzi inachemka, mtori, ile supu nzito ya ndizi, unakorogwa, watoto wa mjini wanaonyeshwa ng'ombe kwa mara ya kwanza.

Nyumba yenyewe iko ndani ya kihamba. Kihamba ni shamba la ukoo lenye migomba, mibuni na zizi, ambalo hurithishwa kutoka kwa baba kwenda kwa wana. Kwa desturi kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya baba. Na ndani ya kihamba hicho hicho, hatua chache kutoka mlangoni, ndiko yaliko makaburi. Mtoto anayekimbilia mpira kwenye migomba hupita kando ya babu wa babu yake. Kabla ya sikukuu makaburi hufagiliwa, majani hufyekwa, msalaba hupakwa rangi upya. Pembeni utaona isale, mmea wa majani marefu unaotumika Uchagani kuweka mipaka, kuombea msamaha na kutambulisha kaburi. Familia za Kikatoliki huandikisha nia ya misa, yaani humwomba padri aitolee misa roho ya marehemu, na jina lake husomwa kanisani mbele ya watu wote. Walutheri wa Machame na Marangu hufanya sala fupi nyumbani au kaburini. Zamani wazee walimwaga chini tone la mbege kwa ajili ya waliotangulia. Mbege ni pombe ya ndizi mbivu na ulezi, ikitiwa gome la mti wa msesewe kuipa uchungu. Wapo wanaomwaga hadi leo, na wapo walioacha kwa sababu ya imani yao. Mgeni hana haja ya kuingilia hilo.

Yote haya yanaonyesha kwamba marehemu ana nafasi yake ndani ya sikukuu. Lakini sala na kaburi lililopakwa rangi humkumbuka marehemu wa jumla, yule "mpendwa wetu" wa kwenye tangazo. Anayeachwa nje ni mtu mwenyewe, na mazoea yake na maneno yake. Niliwahi kuliona hilo kwa karibu.

Nilikuwa nimealikwa Krismasi Marangu kwa kina rafiki yangu, ya kwanza baada ya babu yao kufariki. Mzee nilimjua. Ziara ya nyuma alinikalisha barazani akanionyesha kopo la biskuti lililojaa stakabadhi za kahawa, vile vikaratasi alivyopewa mkulima kila alipopima kahawa yake kwenye chama cha msingi, yaani chama cha ushirika cha kijiji. Wakulima wa Kilimanjaro walianza zamani kuuza kwa pamoja. Muungano wa vyama vyao, KNCU, uliundwa mwaka 1933, na mzee huyu alikua akiusikia kwa baba yake. Stakabadhi alikuwa amezipanga kwa mafungu. Kila fungu limefungwa kwa ugwe wa mgomba, na juu yake jina la mtoto kwa penseli, karibu na mhuri wa wino wa zambarau uliofifia. Ilikuwa kahawa iliyolipa ada ya mtoto huyo. Fungu la baba wa rafiki yangu lilikuwa nene kuliko yote, kwa sababu alirudia mtihani, na mzee alinipimia unene wake kwa vidole viwili huku anacheka.

Krismasi ile hakuna aliyemtaja. Watu walikula, wakasifu machalari, zile ndizi zilizopikwa na nyama, wakazungumza bei ya saruji na foleni ya Mbezi. Mbege ilipoletwa, mjane aliishika kata, kile kibuyu chenye mkono cha kunywea, akasita nayo, kisha akampa mwanawe mkubwa bila neno. Nilikuwa nimekaa jirani naye. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Bibi, lile kopo la stakabadhi alilonionyesha babu bado lipo?"

Akanitazama. "Alikuonyesha wewe?"

"Ndiyo, bibi. Alinionyesha na fungu la baba lilivyo nene."

Hakujibu. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi nalo limeviringishwa kwenye kanga.

Mchana wote uliobaki ulikuwa wa kopo lile. Watu wazima wenye mvi waliinama kuzunguka kigoda wakitafuta majina yao. Shangazi mmoja aliona fungu lake ni jembamba, akauliza kwa nini, na mama yake akamweleza kwa mara ya kwanza: mwaka ule chulebuni, ugonjwa unaoozesha tunda la kahawa, iliingia shambani, kahawa ya kupima haikuwepo, na baba yake akauza ng'ombe wa maziwa ili yeye aendelee na shule. Shangazi yule alikuwa amestaafu ualimu, na habari ile alikuwa haijui. Rafiki yangu alilishika fungu la baba yake, akalipima kwa vidole viwili kama babu alivyokuwa akifanya, na nyumba nzima ikacheka.

Sikuwapa chochote ambacho hawakuwa nacho. Kopo lilikuwa kabatini. Kilichokosekana ni mtu wa kuliuliza.

## Idi ya pwani

Zanzibar, Mombasa na Lamu, asubuhi ya Idi wanaume wengi wakitoka kuswali hupitia makaburini na kanzu zao mpya, wakawasomea waliotangulia Fatiha na Yasini kabla ya kurudi kwenye chai ya nyumbani. Wapo Waislamu wasioifanya desturi hiyo siku ya Idi, kwa hiyo mfuate rafiki yako anavyofanya. Nyumbani, watoto hutembezwa kwa ndugu kupokea mkono wa Idi, na hapo ndipo bibi hukosekana. Yeye ndiye aliyekuwa akizifunga noti mpya kwenye pindo la kanga na kumwongezea yule aliyefunga mwezi mzima.

Baadhi ya familia humwekea marehemu hitima, yaani kisomo cha Kurani kinachofuatiwa na dua na chakula. Ukialikwa, nenda, hata kama huijui ibada ile. Kukaa kwako kwenye jamvi kunatosha.

## Wanaotajwa kwa jina

John Mbiti, mwanazuoni wa Kenya aliyekuwa pia padri wa Kianglikana, aliandika mwaka 1969 kuhusu namna Waafrika wengi wanavyoelewa kifo. Kwa maelezo yake, aliyefariki hatoki mara moja katika jamii. Huendelea kuhesabiwa miongoni mwa watu maadamu wapo waliomjua uso kwa uso na wanaomkumbuka kwa jina. Akifa wa mwisho wao, ndipo marehemu huingia katika umati wa waliosahaulika. Kwa hesabu hiyo, rafiki wa mjukuu aliyewahi kukaa na babu barazani ni mmoja wa walinzi wake, tena kijana, mwenye miaka mingi mbele.

Huko Ulaya na Marekani, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, wataalamu wengi wa saikolojia, elimu ya nafsi na tabia za watu, walifundisha kwamba mfiwa hupona akishakata uhusiano na marehemu. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walitoa kitabu kilichopinga hilo, wakaonyesha kwamba watu wengi wenye afya njema huendelea kuwa na uhusiano na wapendwa wao waliofariki, na haiwazuii kuishi. Bibi zetu wasingehitaji kuambiwa.

Njia yetu ya zamani zaidi ya kuendeleza uhusiano huo ni kurithisha majina. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, wa pili jina la baba wa mama yake, na wasichana hufuata mpango huo kwa bibi zao. Makabila mengine ya Afrika Mashariki yana mipango inayofanana. Ndiyo maana utamsikia mama akimwita mwanawe mdogo "baba", kwa adabu kabisa, maana mtoto kabeba jina la baba wa mama huyo. Mwulize rafiki yako ni mtoto yupi aliyebeba jina la marehemu. Siku ya sikukuu msalimie mtoto huyo kwa jina hilo, mbele ya watu.

Kwa ufupi hadi hapa: pengo la marehemu huonekana zaidi kwenye sikukuu kuliko msibani, ndugu hunyamaza kwa kulindana, mjukuu hupewa pole kidogo kuliko anavyostahili, na mila zetu tayari zina nafasi ya marehemu, isipokuwa zinahitaji mtu wa kuijaza kwa habari zake halisi.

## Useme nini, na lini

Hakuna kanuni moja, lakini haya yamewasaidia wengi ninaowafahamu.

- Mpigie rafiki yako siku chache kabla. Mwulize, "Mwaka huu mtamkumbuka vipi babu?" Jibu lake litakuonyesha nyumba iko tayari kiasi gani.
- Ukifika, mwanzie mjane au mkubwa wa nyumba. "Shikamoo bibi. Pole na upweke." Akishaitikia "Marahaba, mjukuu wangu," umeshapewa nafasi.
- Chagua jambo moja, dogo, uliloliona kwa macho yako: alivyokataa usiondoke bila ndizi, alivyozima redio watu wakiongea wakati wa taarifa ya habari. Sifa kubwa kubwa waachie wahubiri.
- Tafuta picha. Vijana wengi wana picha za babu au bibi wa rafiki yao kwenye simu bila kujua kwamba familia haina picha yake akicheka. Iliyopo ni ile ya kitambulisho iliyokuzwa kwa ajili ya mazishi. Ipeleke ikasafishwe, iwekee fremu, mkabidhi mjane faraghani.
- Ukishasema, nyamaza usikilize. Habari yako ni mlango tu. Wenye nyumba ndio wenye mengi.

La picha ningelisisitiza kuliko yote. Maneno yako yatasahauliwa baada ya sikukuu kadhaa. Picha itatundikwa sebuleni.

Yapo maneno ya kuacha. "Usilie, leo ni sikukuu" humwambia mtu kwamba furaha ya wengine ni muhimu kuliko yeye. "Kazi ya Mungu haina makosa" ni maneno ya imani na yana siku yake, siku ya kuzika. Yakisemwa mezani hufunga mazungumzo.

## Pale kunyamaza kunapostahili

Kwanza, eda. Mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mume hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, au hadi ajifungue ikiwa ni mjamzito. Katika muda huo hajipambi, hajitii manukato wala hina, na hatoki nyumbani bila haja. Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi, kwa hiyo Idi huwahi kwa takriban siku 11 kila mwaka, na yaweza kuangukia ndani ya eda ya bibi. Usimpelekee udi wala marashi kama zawadi ya sikukuu, na usimshangae kwa nguo zake za kawaida. Kama wewe ni mwanamume asiye maharimu wake (maharimu ni ndugu wa karibu asiyeweza kumwoa), tuma salamu kupitia rafiki yako na uridhike.

Pili, mirathi. Desemba ndio mwezi wa vikao vya ukoo, na mwaka wa kwanza kikao huwa cha nani anabaki na kihamba, hati iko wapi, nani alimuuguza mzee na nani alituma fedha. Ukisikia sauti zinabadilika, chukua kikombe chako ukae na watoto. Usitoe hata habari nzuri ya marehemu pale, kama "babu aliniambia shamba la chini ni la fulani". Neno hilo hata kama ni la kweli linaweza kuwapeleka ndugu mahakamani.

Tatu, kifo kilichoacha maswali. Ikiwa mzee alikufa kwa ajali, au kwa ugonjwa ambao familia imeamua kuuficha, zungumzia maisha yake na usiguse mwisho wake.

Mwisho, usipande jukwaani. Familia ikikodi muziki na mshereheshaji, usiombe kipaza sauti umzungumzie marehemu, hata ukiwa umejaa upendo. Hilo ni la wenye ukoo. Lako lina uzito likisemwa kwa mtu mmoja au wawili.

## Kama hukuwahi kumwona

Wengi huniambia, "Mimi sikumjua babu yake, nitasema nini?" Uliza. Maswali mawili matatu yanatosha: alikuwa mtu wa namna gani, alipenda kula nini siku kama ya leo, angekuwepo angemtania nani kati yetu. La mwisho ni zuri kuliko yote, kwa sababu kila mjukuu analijua jibu, na wataligombania.

Uliza hivyo hata kwa aliye mbali. Wapo Watanzania na Wakenya walioko Muscat, London au Toronto ambao bibi zao walizikwa wao wakiwa kazini, wakayatazama mazishi kwenye simu. Wao hata turubai hawakuliona. Krismasi au Idi kwa baadhi yao ni siku ya zamu ya kawaida. Simu yako asubuhi hiyo, ukimtaja bibi yao kwa jina, yaweza kuwa ndiyo pekee watakayoipokea inayomhusu.

Kama unaye rafiki ambaye sikukuu ijayo ndiyo ya kwanza kwake bila babu au bibi, usisubiri siku yenyewe. Fungua simu yako leo utafute picha zile. Kisha mpigie umuulize ni nani mwaka huu atakayesali kabla ya kula.